Jicho la Mgawa Maji

Jina lake nalijua, la baba yake nalijua, na la bibi aliyemlea nalijua pia, maana mimi majina hayanitoki kichwani hata ya watu waliokwisha kuzikwa. Lakini hapa nitamwita Mgawa Maji tu, kama tulivyomwita wote huku Myamba. Jina lake limetembea vya kutosha vinywani mwa watu tangu waanze kusema kwamba amemchuria binti yake, yaani kwamba alitamka baya na baya likamfuata mtoto. Mimi ni jirani yake, mpaka wetu ni mstari mmoja wa miti ya masale. Siku aliyotamka, alitamka ndani ya nyumba yangu, na simu aliyokuwa akiiangalia ilikuwa juu ya meza yangu. Kwa hiyo nitamweleza nilivyomjua, halafu atakayetaka kumsema aendelee.

Kazi yake ilikuwa ndiva. Kwa asiyefika kwetu, ndiva ni bwawa la mawe na udongo waliloliacha wazee. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku, asubuhi linafunguliwa, yanashuka mashambani kwa zamu, leo wa juu, kesho wa chini. Mdomo wa ndiva unazibwa kwa gogo, matope na majani ya migomba. Kila jioni yeye ndiye aliyeziba, na akishaziba haondoki. Anasimama anauangalia ule mdomo kama mtu anayeagana na mgonjwa. Asubuhi anarudi, anauangalia tena kabla hajaugusa. Ukiwa umefungua usiku ukachepusha maji kidogo kwa mahindi yako, ukaziba vizuri hata jani ukarudisha, yeye ataona. Anageuka kwa tuliosimama na majembe, anasema, "Hapa pamefunguliwa."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Na sheria ya ndiva ni kwamba aliyeona aseme palepale, mbele ya waliopo. Akikaa nalo moyoni mpaka jua lizame, naye anahesabiwa amekula na mwizi. Sheria hiyo ilimwingia kwenye damu. Alimsemea hata shemeji yake, siku ya kipaimara cha mtoto wa shemeji huyo, sahani zikiwa mikononi mwa watu. Aliona matope mapya kwenye viatu vya mwenye nyumba, akaweka kijiko chini. "Shemeji, jana zamu haikuwa yako." Mkewe aliinamisha kichwa. Padri alikuwapo, naye akajifanya anatafuta chumvi.

Nilimuuliza baadaye kama hakuweza kungoja watu wale kwanza.

"Ningengoja, ningekula chakula cha maji ya wizi," akasema.

"Ulishakula nusu sahani."

"Ile nusu nilikuwa sijaona viatu."

Huyo ndiye mtu mwenyewe. Miaka ya karibuni ndiva ilimpungukia. Kijito kilikonda, mchanga ukajaa, wa juu wakavuta mipira yao ya maji kutoka chanzo, na vijana wakasema hawana muda wa kungoja zamu. Bado alikwenda, jioni akaziba na asubuhi akafungua maji ya kulowesha miguu tu. Mchana hakuwa na la kufanya. Ndipo alipoanza kuingia kwa Elisante.

Elisante ana kibanda cha sinema pale sokoni, mabati matatu na mabenchi, na televisheni iliyofungwa kwa mnyororo. Picha alizonazo ni chache, anazirudia. Ile iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mtu mwenye nguvu, stelingi, anayeruka angani na joho jekundu mgongoni, anainua magari, anapigana na adui aliyevaa chuma. Imetafsiriwa, kuna kijana anapiga maneno ya Kiswahili juu ya Kizungu chao. Mimi huingia siku za soko kupumzisha magoti baada ya kuuza tangawizi. Siku ya kwanza Mgawa Maji aliposimama humo nilikuwapo, na walikuwapo Senkondo, Elirehema, Nanzia mke wa Mchome, na wale mapacha wa Kajiru.

Stelingi alikuwa amepigwa na kipande cha chuma, joho likachanika upande. Akaanguka juu ya jengo, akainuka, akaruka. Mgawa Maji naye akainuka.

"Hapa pamefunguliwa."

"Mzee, kaa, unaziba," akasema Elisante.

"Joho lilichanika upande huu. Sasa ni zima. Nani amelishona?"

Senkondo akacheka. "Mzee wangu, mtu anaruka bila bawa, wewe unauliza joho?"

"Kuruka ni kazi yake, sina kesi naye. Nauliza joho."

"Basi mpeleke baraza la kata."

Kibanda kizima kikacheka, maana sisi Wapare tumeshasemwa sana kwa kupenda kesi, na huyu sasa alitaka kumshtaki mtu aliye ndani ya televisheni. Yeye hakucheka. Alikaa, na baada ya hapo hakukosa siku ya soko hata moja.

Aliyoyaona ni mengi. Glasi ya maziwa ya mama wa stelingi ilikuwa nusu, mama akageuka kumwangalia mwanawe, ikawa imejaa. Adui aliungua mkono wa kushoto, kwenye daraja akaonekana anauguza wa kulia. Maiti ilivuta pumzi. Kuta za gereza zilitikisika mlango ulipofungwa, akasema gereza hilo hata mbuzi wake angelitoka. Stelingi alitembea kwenye mvua, akaingia ndani, nywele kavu. Kila mara alisimama, alisema yale maneno yake, akakaa. Elisante alimwomba, akamfokea, mwisho akamwekea benchi la nyuma kabisa ili asizibe watu. Kisha likatokea jambo ambalo Elisante hakulitegemea, watu wakaanza kuja kumsikiliza. Walikuwa wanapiga kelele, "Mgawa Maji, vipi hapo?" Naye, "Hapo pazima." Wananyamaza, wanangoja.

Lakini ukimuuliza hadithi, hajui. Nilimuuliza siku moja adui alikuwa anataka nini.

"Sijui. Ila saa alivaa mkono huu, halafu mkono huu."

"Na yule msichana aliyekuwa analia?"

"Analia?"

Hakuwa ameona. Sura za watu zilimpita. Huyu aliyeona kifungo cha shati la mtu wa Amerika alikwenda kanisani na viatu visivyofanana, na mkewe alipokonda kwa ugonjwa wa tumbo, mimi ndiye niliyemwambia. Alimwangalia mkewe kama mtu aliyeonyeshwa mlima mpya. "Kumbe," akasema. Akauza jogoo, akampeleka hospitali Same siku hiyohiyo. Ukishamwonyesha hakuchelewa. Shida ilikuwa mpaka umwonyeshe.

Alinieleza pia jinsi makosa yanavyotokea. Sijui nani alimwambia, nadhani aliwaza mwenyewe. Alisema wale watu hawapigi picha kwa mfululizo tunaouona. Kipande hiki wanapiga leo, kile mwezi ujao, halafu wanaviunga vionekane ni siku moja. "Maneno unaweza kuyaunga, mama Elia," akaniambia, maana mtoto wangu wa kwanza ni Elia. "Nguo unaweza kuunga. Lakini kuna kitu kidogo hawakumwambia mtu akiangalie. Hicho ndicho kinasema." Uongo haukumkasirisha. Alichukizwa na mtu aliyefungua kisha akazibia haraka.

Sasa Namkunda. Ndiye binti yao wa mwisho, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Msichana wa kusalimia. Alipopita njiani alikusalimia wewe, akakuulizia mwanao kwa jina, na mjukuu, na ng'ombe kama ana jina. Nilimpenda kwa hilo, tulikuwa watu wa aina moja. Akaja mwanamke kutoka mjini, mnene, msemaji mzuri, akasema anapeleka wasichana Uarabuni kwenye kazi za ndani, na kwamba mwenye nyumba ni mtu wa dini. Kila mtu alimsikiliza. Mgawa Maji naye alimsikiliza, na siku ya safari, pale basi la Same linapogeuzia, nilimwona hamwangalii binti yake usoni. Alikuwa anaangalia zipu ya begi. "Hii itafunguka njiani," akasema. Akachuchumaa, akaikaza kwa waya mpaka dereva akapiga honi. Namkunda akacheka, akamshika bega. Mama yake akalia. Yeye akasema, "Haitafunguka sasa."

Namkunda hakupata namba yake mwenyewe huko, au ndivyo tulivyoambiwa. Salamu zilipitia kwa yule mwanamke. Alikuwa anatuma video kwenye simu ya mjukuu wangu Nakijwa, maana simu ya jirani zangu ni ya tochi tu, haionyeshi video. Ikifika video, Nakijwa anaita juu ya masale, nao wanakuja na kukaa mezani kwangu. Mama Namkunda huvaa kitenge cha kanisani, anajifunga kitambaa kipya, kana kwamba mtoto naye atamwona.

Ya kwanza alisema amefika salama, kazi nzuri, tusiwe na wasiwasi. Ya pili ilikuja mvua zilipoanza. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Poleni na mvua. Mimi mzima." Ya tatu ilikuja tukiwa tunavuna. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Poleni na mavuno. Mimi mzima." Nguo tofauti kila mara. Nyuma yake pazia la kijani na kabati. Mimi kitu kimoja kilinikwaza, kwamba hakutaja jina la mtu hata mmoja. Namkunda asiyemuulizia mtu? Mama yake alimtumia sauti, akamwambia Nanzia amejifungua, akamuuliza analala wapi. Hakuna lililojibiwa. Nikajiambia pengine kazi ni nyingi, mtoto anaiba dakika.

Siku ya ile ya tatu, Mama Namkunda aliomba irudiwe. Nakijwa akarudia. Akaomba na za nyuma, zote kwa mpangilio, tumwone anavyonenepa. Tukaziangalia. Mama mtu anatabasamu, anagusa kioo kwa kidole, video inasimama, tunaiwasha tena. Mgawa Maji alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikasikia, kwa ile sauti yake ya siku zote, kama mvua itanyesha:

"Hapa pamefunguliwa."

Nadhani hata yeye alishtuka. Mkewe aligeuka. "Umesema nini?"

Angeweza kusema hakuna. Mtu mwingine yeyote wa kijiji hiki angesema hakuna, akaenda nyumbani kwanza akae nalo. Lakini kwake lililoonekana lilikwisha kusemwa. Akainama, akaonyesha. Kidole gumba cha Namkunda kilikuwa na plasta, imekunjuka pembe moja. Kwenye ya kwanza, plasta, pembe moja. Ya mvua, plasta ileile, pembe ileile. Ya mavuno, ileile. Juu ya kabati kulikuwa na chungwa lililomenywa nusu. Lilikuwa limemenywa nusu hivyohivyo kutoka mvua mpaka mavuno, halijakauka.

"Kule kwa Elisante wanafanya siku nyingi zionekane siku moja," akasema. "Huyu wamemfanyia siku moja ionekane nyingi. Amesema zote siku hiyo. Amebadili nguo tu."

Nakijwa akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa babu, tangu siku hiyo yuko wapi?"

Mgawa Maji alikuwa bado anaangalia chungwa. Ndipo nikaona kwamba swali hilo halikuwa limemfikia. Aliona kosa kwanza, mtoto akaja baadaye. Nilimwona mtoto akimfikia. Alishika ukingo wa meza yangu, akakaa polepole, na midomo ikawa inatafuta neno la kurudisha lile alilokwisha kulitoa.

Mama Namkunda alikuwa amesimama. Hakulia.

"Wewe umeangalia plasta," akamwambia. "Mimi nimemwangalia mtoto. Mtoto wangu ni mzima. Amesema mwenyewe ni mzima."

"Mama Namkunda..."

"Unataka awe amekufa ili jicho lako liwe kweli?"

Akachukua kandambili zake mlangoni, akaondoka bila kuzivaa.

Tulishuka Same kutoa taarifa, mimi, yeye na Nakijwa. Waliandika, wakatuambia tusubiri. Yule mwanamke tulipompigia alisema Namkunda hajambo, kwa nini tunamharibia mtoto kazi. Tulipompigia tena siku nyingine, simu haikupokelewa. Nakijwa akamwandikia tu: tunaomba aseme jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Alama zikaonyesha ameusoma ujumbe. Hakujibu.

Huku nyumbani habari ilienea, na kwa namna ilivyoenea haikuwa tena habari ya yule mwanamke. Ilikuwa habari ya Mgawa Maji. Watu walewale waliokuwa wanapiga kelele kibandani, "Vipi hapo?", sasa walisema ana mdomo mchafu, ana uchuro, kila anachokitazama kinaharibika. Wakakumbuka ndiva imekauka mikononi mwake. Wakakumbuka ya kipaimara. Elirehema aliniambia kisimani, "Angenyamaza, huenda mtoto angekuwa hai." Nikamwambia, "Elirehema, nani kakwambia amekufa?" Akasema, "Si yeye mwenyewe?" Nikabeba ndoo yangu.

Mkewe hakumhama. Alimpikia, akamfulia, hakumsemesha. Alikuja kwangu peke yake saa za mchana, akaomba azione zile video, na siku hizo alininyooshea kidole na kuniambia nisimwonyeshe yule mwanamume, asije akazimaliza kwa macho. Nilimwahidi. Kwa Elisante Mgawa Maji hakwenda tena. Benchi la nyuma wanakaa wengine. Kwenye ndiva aliendelea kwenda, lakini nilimpita asubuhi moja nikamkuta anafungua bila kuangalia mdomo. Nikamuuliza kama palikuwa pazima. "Sikutazama," akasema. Nami nilikuwa nimeona nyayo mbichi za mtu zinateremka kuelekea mahindi ya chini.

Video ya Krismasi ilikuja. Mama Namkunda aliiona, akaimba njia nzima kurudi kwake, watu wamsikie. Baada ya mwaka mpya, siku ambayo yeye alikuwa amekwenda kwenye umoja wa wanawake, Mgawa Maji akapiga hodi kwangu. Nilikuwa napepeta maharage. Amekuwa mdogo. Koti lilimning'inia.

"Mama Elia, naomba niione hiyo ya Krismasi."

"Nimemwahidi mkeo."

"Najua. Sitaki kuangalia. Nataka wewe uangalie, mimi nikae hapa." Akakaa, akaupa ukuta uso. "Nitafutie nilipokosea. Mimi macho yangu yanaona kilekile tu. Wewe huna mazoea hayo. Labda plasta imechakaa. Labda chungwa halipo. Ukiona kitu kimoja tu kimebadilika, nitasimama mbele ya kanisa niseme mimi ni mwongo."

Nilifuta mikono. Kubonyeza nimefundishwa na Nakijwa. Nikaiwasha, nikasogeza simu karibu na uso, maana macho yangu nayo ni ya zamani. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Nawatakia Krismasi njema na mwaka mpya. Mimi mzima." Amejifunga kitambaa chekundu kichwani. Chungwa lipo. Mkono hauonekani vizuri. Nikairudia. Mara ya tatu sikutazama, nilisikiliza, kwa sababu mimi ni mtu wa sauti na majina, na kila mmoja wetu huizima Namkunda anapomaliza kusema mzima. Sikuizima. Namkunda akanyoosha mkono kwenye kamera, picha ikawa giza la kiganja, na katika lile giza nikamsikia anauliza kama mtu aliyechoka, "Bado?"

Na sauti ya mwanamke ikamjibu, "Bado mbili. Sema ya Pasaka."

Mgawa Maji siku hizi sikio lake moja limekufa. Alikuwa bado anautazama ukuta.

"Umeona nini?" akauliza.

Sikuweza kumwambia kwa sauti ya kawaida. Nilimsogelea upande wa sikio zima, nikayarudia maneno kama yalivyo, ya Namkunda na ya yule mwanamke. Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Alikuwa anapiga hesabu kama ya zamu, leo nani, kesho nani, na yakiisha yameisha.

"Basi ya Pasaka ipo," akasema.

"Ipo."

"Na nyingine moja."

"Na nyingine moja."

Tukakaa. Maharage yalikuwa kwenye ungo, sikuyagusa. Hatukusikia miguu. Mama Namkunda alisimama mlangoni na kitabu cha nyimbo kifuani, akamwona mumewe, akaiona simu mkononi mwangu. Nikajua ataniuliza ahadi yangu iko wapi. Hakuniuliza. Alimtazama yule mwanamume aliyekuwa amekunjamana kwenye kiti changu, akamsemesha, kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

"Haya. Umeona nini kwenye hii?"

Aligeuka kutoka ukutani, akamtazama usoni.

"Nimeambiwa Pasaka atatuma," akasema.

Uso wa mama ulifunguka. "Namkunda kasema?"

"Kasema."

"Mimi nilijua." Akaingia, akakaa kando yake, akaweka kitabu mezani, akachukua konzi ya maharage kutoka kwenye ungo wangu na kuanza kuyachambua. "Nilikwambia. Si nilikwambia?"

"Uliniambia," akasema Mgawa Maji, naye akanyoosha mkono, akachukua yake, wakawa wanachambua.